Skrubu Iliyo Kwenye Droo ya Tatu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Mama yangu, aliyefundisha shule ya msingi huko Chamwino mpaka siku ya mwisho inayoruhusiwa na serikali, hataki kulisikia neno hilo. "Kustaafu ni kwa watu waliochoka," aliniambia. "Wewe umeacha kazi." Nikamwambia ni daktari aliyenistaafisha. Akasema basi na daktari naye ni mtoto.

Lakini kwenye karakana yetu ya Miyuji kuna desturi. Anayeondoka, awe na miaka sitini au ishirini, huandika kwenye kaunta buku lililo juu ya kabati la msasa yale anayoyajua, ili mnaobaki msirudie makosa yake. Nimelisoma lote. Fundi wa kwanza kuandika alitumia kurasa nne kueleza jinsi ya kunoa patasi, na mstari mmoja kuhusu maisha yake: "Nilioa." Mimi sitaweza kuwa mfupi hivyo. Ukurasa huu nimeshauandika mara tano, na huu wa tano bado una sentensi nisiyoipenda, ila Zainabu amenipokonya kifutio.

Siku yangu ya kwanza nilifika saa moja asubuhi, karakana ikafunguliwa saa mbili na nusu. Sikuwahi kufundishwa kazi na mtu. Nilijifunza nyumbani kwa maboksi ya sabuni, njiti za kiberiti, na video za kwenye simu ambazo bando lilikwisha kila zilipofika mahali penyewe hasa. Nilikuwa nimebeba mfano wa pampu ya upepo ndani ya beseni, umefunikwa kwa kanga kama maandazi. Aliyefungua mlango alikuwa Zainabu, mchoraji wa mabango yetu, mtu wa Kondoa, ambaye bado yupo na mnamjua.

"Umelala hapa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi kesho njoo saa mbili na nusu kama wenzako. Unawatia watu aibu."

Kazi yetu mnaijua: kutengeneza vielelezo, yaani vitu vikubwa kwa umbo dogo, kwa ajili ya shule, vyuo na kumbi za maonesho. Nilidhani kazi ya namna hiyo inamtaka mtu kama mimi, anayepima mara kumi na moja. Nilitembea na venia, kile kipimo cha kubana cha mafundi, kwenye mkoba. Nilikwenda nayo hata kanisani, na siku moja wakati wa mahubiri nilijikuta napima unene wa benchi. Sikuweza kukabidhi kitu bila kuomba siku mbili zaidi, na siku hizo mbili nilizitumia kuharibu kilichokuwa tayari kizuri, kisha kukirudisha kilivyokuwa.

Niwape mfano mmoja, ili mnijue kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Mwaka wangu wa pili niliunda josho la kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya wanafunzi wa mifugo kule Mpwapwa. Nilichonga ng'ombe ishirini na wanne, kila mmoja na alama yake sikioni. Nilitengeneza mapumbu ya dume. Maji nilifanya kwa gundi yenye rangi, mpaka ukiinama unaona kivuli chako. Mwalimu aliyekuja kulichukua alilizunguka mara mbili, kisha akauliza kwa upole, "Hawa wakishaingia, watatokea wapi?"

Nilisahau ngazi ya kutokea. Ng'ombe ishirini na wanne wenye alama masikioni, wote wangezama. Zainabu aliondoka chumbani ili acheke vizuri. Nilidhani nimejifunza somo siku ile. Sikujifunza.

Kazi ninayotaka kuwaeleza ilikuja mwaka wangu wa sita. Kanisa moja kongwe la Mpwapwa lilikuwa linafungua chumba cha kumbukumbu, wakataka mfano wa mtambo wa kupigia chapa uliokuwa wa misheni zamani. Haukuwa wa chuma. Ulikuwa wa mbao, ulioundwa na seremala wa hapo hapo, kwa mujibu wa waliosimuliwa na waliosimuliwa. Wengine walituambia haukuwahi kuwepo. Mmoja alituambia ulikuwepo na yeye alichemshia maharage vipande vyake vya mwisho. Kitu pekee kilichobaki ni picha moja ya rangi ya chai, inayomwonesha mwanamume mwenye kanzu ameshika mpini, na nyuma yake sanduku.

Walitaka uwe theluthi moja ya mtambo halisi, na ufanye kazi. Siyo kupambwa tu. Upige chapa.

Kwa wasiojua, mtambo wa namna ile si mgumu kuuelewa. Herufi za risasi hupangwa juu ya kitanda cha mbao, hupakwa wino, karatasi hulazwa juu yake. Mkono mmoja huzungusha hendeli ndogo, kitanda kikateleza mpaka chini ya bamba. Mkono wa pili huvuta mpini mrefu. Mpini unazungusha skrubu kubwa ya mbao, skrubu inashuka, bamba linakandamiza karatasi. Hendeli mtoto anaweza kuizungusha. Mpini unataka nguvu, kwa hiyo mpini hupewa mkono wenye nguvu. Likumbukeni hilo. Mimi nililijua tangu siku ya kwanza, nikaliandika, nikalipigia mstari, na halikunisaidia chochote.

Kanisa lilituletea na mtu wa kutuongoza. Aliitwa Mzee Masima. Alikuwa amefanya kazi ya chapa tangu kijana, kwenye kiwanda kidogo cha misheni ambacho sasa ni stoo ya saruji, na baba yake alifanya kazi kwenye mtambo ule wa mbao. Kwao ni Mpwapwa, lakini wakati huo alikuwa anakaa kwa binti yake hapa Miyuji, kwa sababu alipata kiharusi na alikuwa anahudhuria mazoezi ya mkono wa kulia. Alikuja karakana kwa miguu, fimbo mkono wa kushoto, mkono wa kulia umening'inia ndani ya koti.

"Mbukwa!" alisalimia kutoka mlangoni, Kigogo chake kikatangulia.

"Mbukwenyi. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama juu mpaka chini. "Aa. Nilitegemea mwenye ndevu. Haidhuru, zitaota."

Alipoketi alisema alichokuja kusema, na alikisema mara moja tu. Mitambo yote aliyofanyia kazi iliuzwa kuwa chuma chakavu. Aliisindikiza kwa macho ikipakiwa kwenye lori, akabaki na kopo moja la maziwa lililojaa herufi. "Nataka kuvuta karatasi moja kabla sijafa," alisema. "Moja inatosha. Lakini niivute mimi, kwa mkono wangu. Sitaki kusimamishwa pembeni nipigiwe makofi."

Nikasema sawa, baba. Nikaandika kwenye daftari: *Mzee atavuta karatasi ya kwanza.* Halafu nikaanza kuuliza kuhusu unene wa bamba.

Alikuwa mwalimu mgumu, na nilimpenda kwa hilo. Alinifundisha kupanga herufi. Herufi za chapa zimegeuzwa, ili karatasi izipokee zikiwa sawa, na yeye alizisoma zilivyo, kinyume, upesi kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Siku moja nilipanga mistari minne kwa saa mbili nzima, jasho likinitoka. Aliinama akatazama.

"Nukta imeegemea."

"Inaonekana, baba?"

"Mimi nimeiona." Akaimwaga yote mezani kwa mkono wake wa kushoto. "Panga upya, mwanangu."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Hatimaye nimekutana na mtu mgonjwa kama mimi.

Sasa ile picha. Nilikaa nayo wiki tatu kabla sijagusa mbao. Nilipima kila kitu kilichomo kwa kioo cha kukuza na venia: nguzo, boriti, urefu wa mpini, hata kivuli cha mpini. Kwenye sanduku la nyuma kulikuwa na maandishi yaliyofifia ambayo kwangu yalikuwa mikwaruzo tu. Nikampa Mzee Masima kioo.

"Karatasi," alisema, mara moja, kama mtu anayesoma kibao cha duka. "Ni sanduku la karatasi."

Nikaandika: *Sanduku la karatasi.* Sikutazama tena. Kwa nini nitazame tena, na yeye ameshasoma?

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Yule mwanamume wa kanzu alikuwa anavuta mpini kwa mkono wa kushoto, na hendeli ilikuwa upande wa kulia. Nikamwuliza mzee.

"Baba, huyu anavuta kwa kushoto?"

Alirudisha picha mezani taratibu. "Ndivyo picha inavyoonesha."

"Enzi zile si mtoto akitumia kushoto alichapwa?"

"Alichapwa. Wengine hawakusikia."

Nikaandika: *Mpiga chapa alikuwa mashoto.* Nililala vizuri usiku ule. Hicho ndicho kinachonitisha nikikumbuka.

Miguu na nguzo nilitengeneza kwa mninga. Mtambo ulisimama kwa kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Skrubu niliifanya kwa mpingo, kwa sababu mbao laini meno yake hukatika ukivuta mara ya tatu, na hilo nimelijaribu kwa hasara ya mara tatu. Ili kuchonga skrubu ya mbao kwa mkono, chukueni mti mviringo uliokwisha kukerezwa, uzungushieni utepe wa karatasi kwa mshazari, fuateni ukingo wa utepe kwa msumeno mwembamba, kisha patasi, kisha tupa ya pembe tatu, kisha msasa. Ukizungusha utepe kuelekea upande mmoja, skrubu inashuka ikivutwa kwa kulia. Ukizungusha kuelekea upande wa pili, inashuka ikivutwa kwa kushoto. Mimi nilifuata picha.

Vaeni barakoa nzuri. Siyo ile ya karatasi niliyovaa mimi, na msiivute chini ya kidevu kila mnapotaka kupuliza vumbi muone mstari. Vumbi la mpingo ni laini kama unga wa uwele na linakaa kifuani kama limepanga chumba. Nilianza kukohoa nikiwa kwenye jino la nne. Nilipomaliza la mwisho nilikuwa nafika nyumbani nikipumua kwa mluzi. Daktari aliniambia kifua changu hakipatani na vumbi lile, nisiliguse tena. Nikamwahidi. Skrubu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuahidi.

Zikiwa zimebaki siku tisa chumba cha kumbukumbu kifunguliwe, Zainabu alikuwa anaikuza ile picha kwenye kompyuta kwa ajili ya bango. Akaniita.

"Nyemo, njoo. Hili neno kwenye sanduku mbona limeandikwa kinyume?"

Alikuwa ameisafisha picha mpaka mikwaruzo imekuwa herufi. Ilikuwa karatasi, kweli. Ilianzia kulia kwenda kushoto, kila herufi imetazama nyuma.

Zainabu, ambaye kazi yake ni picha, alielewa kabla yangu. Picha za zamani zilipigwa kwenye kioo, akasema. Aliyeisafisha alikigeuza kioo, kulia kukawa kushoto. Mwanamume wa kanzu hakuwa mashoto. Alikuwa anavuta kwa kulia kama watu wote, na hendeli ilikuwa kushoto, na skrubu yangu ya mpingo, niliyoichonga kwa wiki saba, ilikuwa imechongwa kuelekea upande usio wake. Nilikuwa nimenakili kosa bila kukosea hata nusu milimita.

"Lakini Mzee Masima alilisoma hili neno," nikasema. "Alilisoma mbele yangu."

"Si mtu wa chapa huyo? Amesoma kinyume maisha yake yote. Atajuaje limegeuka?"

Hilo lilinitosha siku ile. Leo halinitoshi, na nitafika huko.

Mzee alipokuja nilimweleza. Nilitegemea atamwaga kila kitu mezani. Alisikiliza yote, akautazama mtambo, akaweka mkono wa kushoto juu ya mpini, akaupapasa.

"Unafanya kazi?"

"Unafanya, baba. Lakini umegeuka."

"Iache hivyo."

Sikuamini masikio yangu. "Baba, si ulimwaga mistari minne kwa sababu ya nukta?"

"Nukta ni nukta. Hii iache, mwanangu. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

Alinitazama. Nilidhani ananipima. Nilidhani kweli, naapa, kwamba huu ni mtihani wa mwisho, na jibu sahihi ni kukataa. Akachukua fimbo yake akaenda mazoezini.

Nilikuwa na kipande kimoja cha mpingo kilichobaki. Niligeuza upande wa utepe wa karatasi, nikaanza. Nilichonga skrubu ya pili na nati yake kwa siku sita, kazi niliyoifanya kwa wiki saba mara ya kwanza. Naweza kusema bila haya kwamba ni nzuri kuliko ile. Siku ya nne Zainabu alinificha tupa, nikatumia nyingine. Siku ya sita jino la mwisho lilipokaa sawa nilisimama ili niwaite watu waone, na pumzi haikuja. Ilikuja kidogo, kama maji ya bomba letu mwezi wa kumi.

Walinipeleka kituo cha afya nikawekewa mashine ya mvuke usoni. Daktari alikuwa kijana mwenzangu, amechoka. "Dada," alisema, "uliniahidi. Sasa sikuombi uniahidi tena. Chagua, mbao au pumzi." Nilitaka kumwuliza kama kuna siku mbili za ziada.

Basi ndivyo nilivyostaafu. Skrubu iliyonistaafisha ni ile ya pili, iliyo sahihi.

Siku moja kabla ya ufunguzi tulisafiri kwenda Mpwapwa kwa gari la kanisa, mtambo umefungwa kwa blanketi katikati yangu na Zainabu. Tulipita Mbande tukakata kwenda Kongwa, na kila shimo la barabara nililisikia kwenye nati. Mimi ni mtu wa kubeba akiba ya kila kitu, kwa hiyo kwenye begi nilikuwa na gundi, misumari ya mbao, nta ya nyuki, vipande viwili vya ngozi ya mbuzi vya kupakia wino, na ile skrubu ya zamani pamoja na nati yake, kwa sababu siwezi kutupa kitu.

Mzee Masima alikuwa ametangulia nyumbani kwake siku mbili kabla. Alikuja ukumbini saa tisa mchana tufanye jaribio. Alikuwa amenyoa na amevaa koti la kanisani. Ukurasa wa kupiga chapa alishaupanga mwenyewe kwa herufi za kopo la maziwa, kwa mkono mmoja, na binti yake aliniambia ulimchukua siku nzima: *ba be bi bo bu*, *cha che chi cho chu*, kama karatasi za kufundishia kusoma ambazo baba yake alizipiga chapa.

Nilimwonesha mtambo uliorekebishwa. Nilieleza kila kitu, nikiongea upesi, nikikohoa. Hendeli sasa iko kushoto, mahali pake. Mpini sasa unavutwa kwa kulia, mahali pake. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Jaribu, baba."

Alilaza karatasi. Akazungusha hendeli kwa mkono wa kushoto, kitanda kikateleza ndani kama siagi. Kisha akautoa mkono wa kulia kwenye koti. Aliuinua kwa bega. Vidole vilifika kwenye mpini vikaugusa, vikakaa pale, havikufunga. Alivitazama. Nasi tulivitazama. Akajaribu kuupitisha mkono wa kushoto ng'ambo ya kitanda, lakini kutoka upande ule mpini haufikiki, mwili unajizuia wenyewe.

Hakulalamika. Aliurudisha mkono kwenye koti kama mtu anayerudisha miwani mfukoni.

"Vuta wewe, mwanangu," alisema. "Mimi nitasimama hapa pembeni."

Akatoka nje kwenda kumsalimia mchungaji. 

Nilifungua daftari langu, sijui kwa nini, labda kutafuta kipimo. Lipo pale kwa mwandiko wangu, ukurasa wa kwanza: *Mzee atavuta karatasi ya kwanza.* Chini yake kuna kurasa themanini za vipimo. Nguzo, boriti, kivuli cha mpini. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mkono wake wa kulia haushiki. Nilikuwa nimeuona ukining'inia kila siku kwa miezi sita. Ngazi ya kutokea, tena.

"Inachukua muda gani kubadilisha?" Zainabu aliuliza.

"Saa mbili. Lakini Zainabu, itakuwa makosa."

"Ndiyo."

"Watu wanaojua watakuja. Wataona."

"Wataona. Nikushikie nini?"

Nilifungua begi. Nilikuwa sijawahi maishani mwangu kukitoa kitu kilicho sahihi nikaweka kisicho sahihi, na vidole vyangu vilikataa kwanza. Niliangusha bisibisi mara mbili. Skrubu ya zamani iliingia kwenye nati yake bila kelele. Nilihamisha hendeli ikaenda kulia, nikapaka nta. Kulipoanza kuingia giza mtambo ulikuwa umegeuka tena, kama ulivyo kwenye picha, kama haukuwahi kuwa.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Nilimwambia mzee kwa sauti ndogo, "Baba, nimeirudisha ile." Hakuuliza ile ipi. Alizunguka akasimama upande wake. Mkono wa kulia aliutoa kwenye koti akauweka juu ya hendeli; ulikuwa na nguvu ya kutosha kusukuma tu, polepole, mzunguko mmoja na nusu. Kitanda kikaingia. Akaushika mpini kwa kushoto, akapanua miguu, na ghafla nikaona jinsi alivyokuwa akisimama ujanani, maana mgongo ulinyooka bila yeye kuuambia. Akavuta. Mpingo ulitoa mlio mmoja mfupi.

Alipoibandua karatasi hakuna aliyepumua, na mimi nilikuwa na sababu mbili za kutopumua. Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. *Ba be bi bo bu.* Watu wakaanza makofi, akawanyamazisha kwa kiganja.

"Wino umezidi kidogo," alisema. Akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akapaka wino upya, akavuta nyingine. Alivuta kumi na nne. Mchungaji alikosa nafasi ya kuhutubia.

Kuna kibao kidogo chini ya mtambo. Nilikiandika mwenyewe, kwa sababu uongo sikuuweza: "Mtambo halisi ulivutwa kwa mkono wa kulia. Huu umegeuzwa kwa makusudi." Mchungaji aliniuliza makusudi gani. Nilijibu nitamwandikia barua. Bado sijamwandikia.

Kabla ya kuondoka nilimfuata mzee barazani alipokuwa anasugua wino kwenye vidole.

"Baba, nikuulize. Lile neno kwenye sanduku, siku ile. Ulipolisoma, uliona limegeuka?"

"Nililisoma vizuri?"

"Ulilisoma vizuri."

"Basi."

"Lakini uliona?"

Alisugua kidole kimoja mpaka kikatakata, akahamia cha pili. "Wewe mtoto," alisema, "unapenda sana kupima."

Na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Kuna siku nina hakika hakuona, alisoma tu kama walivyozoea macho yake, na ile "iache hivyo" ilikuwa huruma kwa kifua changu. Kuna siku nina hakika aliona tangu sekunde ya kwanza, akaangalia picha, akaangalia mkono wake, akanyamaza miezi sita akiniacha nimjengee mtambo pekee duniani ambao angeweza kuuvuta. Kama ni hivyo, mtu aliyemwaga kazi yangu kwa ajili ya nukta alikuwa tayari kuliacha kosa zima lisimame, na sijui nijifunze lipi kati ya hayo mawili. Nimempigia simu mara mbili kumwuliza. Mara zote mbili ameniuliza kama ndevu zimeota.

Sasa ya kiutendaji, maana kaunta buku ni la kazi. Kila miezi mitatu mmoja wenu atakwenda Mpwapwa kukaza misumari ya mbao na kupaka nta. Tumieni nta ya nyuki tu, mafuta ya gari huuvimbisha mninga. Nendeni Jumamosi, kwa sababu Jumamosi Mzee Masima hufika kwa bodaboda kuwapigia chapa watoto wa shule, na atawaambia mnakosea, na mtakuwa mnakosea.

Skrubu iliyo sahihi ipo kwenye droo ya tatu ya meza yangu, imefungwa kwa kipande cha kanga, nati yake iko pembeni. Atakuja mtaalamu, au mgeni mwenye kitabu, atawaonesha kwamba mtambo umegeuka na atataka urekebishwe. Mwambieni anasema kweli. Mwonesheni skrubu, aishike, aone meno yake yalivyokaa. Hakuna hata moja lililopishana. Kisha muirudishe kwenye kanga yake, mfunge droo.

Itafika siku ya kuifunga kwenye mtambo. Binti yake Mzee Masima atawapigieni simu. Kabla ya simu hiyo, msiiguse.